Taji la Bwombwe

Nilijiandikisha kwa hasira. Nalisema hili mapema, maana watu wakisikia kwamba nilikwenda kupanda milima na kutazama maua ya porini miezi minane baada ya kumzika mama yangu, hudhani nilikuwa natafuta utulivu wa moyo. Utulivu ningeutafuta kanisani. Kule mlimani nilimfuata mwanamke mmoja, kiongozi wa matembezi yale, ili nimwaibishe mbele ya wageni wake.

Alikuwa rafiki yangu. Kwa miaka minne tulikuwa majirani pale Kaloleni, mlango kwa mlango, tukianika nguo kwenye kamba moja na kuwakemea watoto bila kuulizana ni wa nani. Yeye alizaliwa na kulelewa Nairobi, akaolewa na dereva wa malori, Mjaluo wa huku kwetu, ambaye boma la wazazi wake liko chini ya milima upande wa kuelekea Muhoroni. Mume alikuwa safarini wiki hadi wiki, na mke akabaki ndani akitazama ukuta. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimpeleka kwenye milima nilikochunga mbuzi wa baba yangu nikiwa msichana, nikamwonyesha njia, nikamwonyesha maua, hili linanyonywa, hili ni sumu, hili mama hutuchemshia tukiwa na homa. Baadaye akaanzisha kikundi chake cha matembezi, akashonesha fulana za kijani, akahamia mtaa mzuri zaidi, na njia ya mbuzi wa baba ikapewa jina la Kizungu. Hilo nililimeza. Hata nilijisifia kidogo.

Nililoshindwa kulimeza ni mazishi ya mama. Tulimzika siku ya Jumamosi. Huku kwetu mtu anaweza kukusamehe ukikosa harusi yake, hata ubatizo wa mtoto wake, lakini mazishi ya mzazi wake hayakosi rafiki. Nilikuwa nimewaambia shangazi zangu kwamba rafiki yangu wa mjini anakuja, nikaweka kiti karibu yangu, na kila aliyetaka kukikalia nilimfukuza. Nilimfukuza hata mke wa mchungaji. Kile kiti kilikaa kitupu mpaka udongo wa mwisho. Jioni, mikono yangu ikiwa na sabuni ya kuoshea sufuria za wageni, nilifungua simu nikaiona picha yake. Alikuwa mlimani, maua yamechomekwa nyuma ya sikio, meno yote nje. Chini yake alikuwa ameandika kwamba siku ilikuwa nzuri ajabu. Kwangu alikuwa ametuma maneno manne tu: pole, nilikuwa na wageni.

Basi nilimsubiri. Mvua za masika zilipoisha na maua yakachanua, nikaandika jina langu kwenye orodha ya matembezi yake na kununua viatu.

Tulikutana asubuhi pale Kondele, watu kumi na wawili, wengi wao vijana wa maofisini waliovaa miwani ya jua kabla jua halijatoka. Mtu mzima mwingine zaidi yangu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha sukari, ambaye daktari alimwambia atembee. Rafiki yangu aliponiona alipiga kelele za furaha akanikumbatia.

"Woi, ni wewe! Tulipotezana aje hivi?"

Tulipotezana! Kana kwamba mvua ilinyesha ikatutenganisha. Nikamwambia nami nimemkosa sana, na hilo lilikuwa kweli, ila si kwa maana aliyoielewa.

Akaning'iniza filimbi shingoni mwangu. Katika matembezi ya namna hii kuna kiongozi anayetangulia, na kuna mtu wa mwisho wanayemwita mfagiaji, kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma. Mfagiaji akipuliza filimbi mara tatu, mstari wote unasimama papo hapo, awe nani awe nani. Alinipa kazi hiyo kwa sababu naijua njia. Nilikubali kwa roho safi ya mtu mwenye nia mbaya.

Kabla hatujaanza kupanda, alinivuta kando. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Leo nina kitu kikubwa," akasema. "Tukishuka, chakula tunakula kwa mathe. Mama wa bwanangu. Amekubali kutupikia."

Nilielewa ukubwa wake. Mama mkwe yule hakuwahi kumkubali. Walioana bila wazee kukaa pamoja, na kwa miaka sita rafiki yangu alikuwa akifika pale bomani anaamkiwa vizuri, anawekewa kiti nje, anapewa maji. Ndani ya nyumba ya mama mkwe hakuwahi kula hata tonge moja. Nyakati zile za Kaloleni alilia kwa ajili hiyo begani kwangu zaidi ya mara moja.

"Ameniambia nikishakaribisha wageni, mimi na yeye tutakula ndani," akasema. "Imagine. Nimempigia bwanangu nimwambie, simu haiingii tangu juzi. Lakini ndiyo kawaida yake akivuka mpaka."

Nikamwambia hongera. Moyoni nilikuwa naangalia lile jambo kama mtu anavyoangalia kuku wa jirani aliyeingia shambani kwake.

Tulipanda. Lazima niseme ukweli, milima ilikuwa imependeza. Kwenye vichaka kulikuwa na yale maua mekundu yenye kingo za njano, petali zake zimepinda kuelekea juu, mazuri na yenye sumu mpaka kwenye mzizi. Kulikuwa na yale ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina ghorofa baada ya ghorofa, ambayo tulikuwa tukiyang'oa moja moja na kunyonya utamu wake mbuzi wakitoroka. Rafiki yangu alisimama mbele ya kila ua na kueleza. Alieleza vizuri, kwa maneno yangu. "Haya nilifundishwa na wenyeji," alikuwa akisema, na wenyeji walikuwa nyuma kabisa na filimbi shingoni, wakimsubiri mzee afunge kamba za viatu.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kileleni wana desturi ya kukaa duara, kila mtu ataje jina na kilichomleta. Sentensi yangu nilikuwa nimeinoa kwa majuma matatu. Ningesema: nimekuja kuona jambo gani hapa lilikuwa muhimu kuliko kumzika mama yangu. Halafu ningenyamaza, nimwache atafute pa kuweka uso wake.

Tulifika, tukakaa. Chini yetu miwa ilienea upande mmoja, na upande mwingine ziwa lilikuwa limelala jeupe mpaka macho yanachoka. Wakajitambulisha. Ilipofika zamu yangu nikavuta pumzi, na kabla sijafungua mdomo, yeye akadakia.

"Huyu msimuulize kilichomleta. Huyu ndiye alinileta mimi. Kila kitu mmeona leo, yeye ndiye alinionyesha. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Vijana wale walinipigia makofi kama mwalimu mkuu anayestaafu, na sentensi yangu ikanifia mdomoni. Nimeshawahi kutukanwa hadharani na sikuumia nusu ya nilivyoumia kwa makofi yale. Alikuwa ameninyang'anya hata hasira yangu, na bado anatabasamu.

Wengine walipokuwa wakipiga picha, akaja kukaa karibu nami.

"Najua sikukuja kwa mama," akasema chinichini. "Si unajua, watu walikuwa washajiandikisha. Ningewaambia nini?"

Ungewaambia rafiki yangu amefiwa. Hilo tu. Hata mtoto wa darasa la kwanza angelipata.

"Hakuna shida," nikasema.

Aliniamini. Akanigusa goti, akainuka amepona kabisa, akaenda kuchuma maua. Na hapo ndipo jambo lenyewe likatokea, bila mimi kulipanga.

Pembeni ya jiwe kulikuwa na bwombwe. Ni mmea wa kijani unaotambaa, laini, unaokunjika bila kukatika, na kwa mtu asiyejua hakuna kitu kizuri zaidi cha kusukia taji. Kwetu bwombwe ni ya msiba. Mwanamume akifa, waombolezaji hujizungushia kichwani na mabegani, wakashika fimbo na matawi, wakaenda kwa kundi huku wanaimba, na anayewaona hana haja ya kuuliza. Mama yangu alikuwa mkongwe na kaka zake ni watu wa zamani, kwa hiyo ingawa alikuwa mwanamke, walijifunga hata kwa ajili yake. Rafiki yangu angekaa kwenye kile kiti, angeiona kwenye vichwa vitano, na asingeisahau maisha yake yote.

Aliivuta ndefu, akaizungusha mara mbili, akachomeka maua mekundu, akaivaa. Vijana wakashangilia. Wanne wakajisukia ya kwao, na wawili kati yao walikuwa Wajaluo wa kuzaliwa mjini wanaojua Kijaluo cha kusalimia bibi tu. Taji lake likawa linateleza.

"Dada, nifungie hapa nyuma," akaniita.

Nikamfungia. Vidole vyangu vilitulia kabisa. Nilipiga fundo walilopiga wajomba zangu, nikalikaza, nikamwambia amependeza.

Tukaanza kushuka. Yeye mbele na taji lake, vijana nyuma yake na fimbo zao za kutembelea, na kwa vile njia ilikuwa rahisi akaanzisha wimbo wa kuitikiana. Mimi na mzee tulikuwa mwisho. Alisimama akaegemea fimbo, akawatazama wale walio chini yetu kwa muda.

"Nyaminwa," akaniita, dada yetu, "hawa wanajua wamevaa nini?"

"Watoto wa mjini, Mzee. Wanacheza."

"Na tunaenda kwa boma ya watu."

"Nitawaambia."

Akatosheka. Mimi ni mtu mzima, nina filimbi, nimesema nitawaambia. Akarudi kwenye maumivu ya magoti yake, ambayo yalikuwa yanamtosha kwa mawazo. Filimbi ilikuwa kifuani pangu, na ningeweza kuwasimamisha wote kwa mipulizo mitatu. Niliishika. Nilifikiria mama mkwe atakavyokunja uso, atakavyowafukuza na chakula chao, na rafiki yangu atakavyosimama langoni mbele ya wageni wake akiwa hajui amekosa nini, akitafuta mtu wa kumshika mkono asimpate. Nilifurahi. Sitajificha nyuma ya maneno: nilishuka mlima ule nikiwa na furaha. Kuhusu mwanamume ambaye simu yake haikuwa inaingia tangu juzi, sikufikiria hata mara moja. Nasema sikufikiria, lakini nilikuwa nimeambiwa.

Boma lilikuwa na ua wa michongoma na lango la mabati. Mama mkwe alitoka jikoni kutupokea, mwiko bado mkononi, kitambaa kipya kichwani, uso umeshajiandaa kutabasamu. Akauona msafara. Akamwona mke wa mwanawe akiwa mbele, bwombwe kichwani, kundi nyuma yake linaimba na fimbo juu.

Mwiko ulianguka.

"Wuoda!" akalia. Mwanangu. "Wuoda otho!" Mwanangu amekufa.

Akaenda chini akiwa na urefu wake wote. Nilitegemea mengi, sikutegemea sauti ile. Ninaijua. Ilitoka kwangu mwenyewe kwenye korido ya hospitali miezi minane kabla, na wauguzi waliacha kuandika.

Na rafiki yangu, ambaye Kijaluo chake kidogo kilitosha kuelewa maneno yale mawili, akadhani habari zimetangulia kufika nyumbani. Simu haikuingia tangu juzi. Akapiga yowe akaanguka karibu na mama mkwe wake, wakashikana, kila mmoja akimlilia mwanamume mmoja kwa sababu ya kilio cha mwenzake. Majirani wakaanza kuruka ua. Wanawake wakapokea kilio, huku kwetu hakisubiri maelezo. Vijana wa ofisini wamesimama midomo wazi, wana maua kichwani.

Sijui nilisimama muda gani. Najua ulikuwa mrefu kuliko ulivyostahili. Ndipo nikakimbia, nikalikata lile fundo kwa meno kwa sababu nililikaza vizuri mno, nikalitupa taji nje ya ua, nikayakusanya na yale mengine nikayatupa. Nikapiga magoti nikamshika mama yule.

"Mama, hakuna mtu amekufa. Ni maua tu ya kutembea. Hawakujua."

Hakunisikia mpaka simu ya mwanawe ilipoingia. Jirani mmoja alijaribu mara nne, ile sauti ya mashine ikituambia kila mara kwamba mteja hapatikani, na kila mara kilio kikapanda upya. Mara ya tano mwana mwenyewe akashika. Alikuwa mpakani, usingizini ndani ya lori, amekasirika kuamshwa. Alitukana kidogo. Boma zima lilisikiliza matusi yale kama Injili.

Mama mkwe aliinuka, akajikung'uta, akafunga tena kitambaa chake. Hakupiga kelele. Akawaonyesha wageni viti vya nje na kusema watakula, chakula hakimwagwi. Halafu akamgeukia mke wa mwanawe, ambaye bado alikuwa amekaa chini, udongo mashavuni.

"Wewe umeniletea kifo kwa mlango yangu. Ndani hapa usiingie."

Akanishika mkono mimi.

"Lakini wewe umelelewa na watu. Wewe ingia."

Kwa hiyo niliingia mimi. Ndani ya nyumba ile ambayo rafiki yangu aliililia miaka sita, nilikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, na nikaandaliwa samaki, ngege mzima wa kuchemsha na ugali wa mtama, sahani mbili, moja yangu na moja yake. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona kule nje. Alikuwa amewapa wageni mgongo. Kisasi changu kilikuwa kimekamilika kuliko nilivyothubutu kukiomba, nikakata tonge.

"Mama yako anakaa wapi?" akaniuliza.

"Alifariki, Mama. Mwaka jana."

Akaacha kula. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Pole, nyathina, mtoto wangu. Basi wewe ndiye unajua ile kitu nimesikia pale nje."

Mtu mwingine angesema moyo wake ulilainika. Wangu haukulainika, niliona aibu, na aibu kwangu huja na ukali. Nikaliweka tonge chini.

"Mama, mimi nilijua kutoka kule juu. Nilimfungia kwa mikono yangu. Hakuja kwa mazishi ya mama yangu, nikanyamaza makusudi."

Alinitazama. Nilisubiri kofi, na ningelipokea. Alichukua sahani iliyokuwa mbele yangu, ngege wangu bado hajaguswa upande wa pili, akaigeuza upande ulio mzima ukae mbele, akaiweka mahali pale pale. Kisha akaenda mlangoni akamwita mke wa mwanawe kwa jina wanaloitwa wake wa nyumba ile, jina ambalo hakuwahi kumwitia, akamwambia njoo ule, chakula chako kinapoa.

Nikainuka kumpisha. Tulikutana kizingitini, upana wa mlango ule haukutosha watu wawili, na ilibidi mmoja wetu ageuke ubavu. Niligeuka mimi. Alikuwa amesikia, mlango ulikuwa wazi muda wote. Alisimama akisubiri niseme kitu, uso wake umevimba kwa kumlilia mume aliye hai. Neno la kuomba msamaha lilikuwa karibu, na lilikuwa haki yake. Nilitoka nje nikaketi na wageni bila kulisema, kwa sababu mama yangu alikuwa bado amezikwa bila yeye.